Mtihani Tuliomtungia Britta

Mwaka 2009, Britta wetu alipotimiza miaka kumi na minne, aliomba blogu jinsi watoto wengine wanavyoomba mbwa. Aliomba asubuhi kabla ya basi la shule, akaomba jioni tukiosha vyombo, na hata kanisani, matangazo yakisomwa, alininong'oneza, "Mama, mmeshaamua?"

Alikuwa na cha kuandika, hilo siwezi kulikataa. Hapa Nordby, mji mdogo wa Minnesota, kuanzia Septemba hadi theluji iyeyuke, hakuna wiki inayopita bila kanisa fulani kualika watu kula kwenye ukumbi wake wa chini. Kila mama analeta bakuli lake, mara nyingi la hotdishi, yaani nyama na viazi vilivyookwa pamoja, watu wanapanga foleni na sahani za karatasi. Britta alikuwa akienda na daftari mfukoni. Akirudi nyumbani anaandika hukumu. Siku moja nilifungua daftari lile nikakuta: "Hotdishi ya Jumatano ilikuwa na viazi vikavu vizuri juu, vinalia chini ya meno. Lakini nyama iliyokuwa chini yake ilishakata tamaa." Ukurasa wa pili: "Jeli ya kijani yenye karoti ndani. Bado sijajua kama ni saladi au ni adhabu."

Nilicheka mpaka nikakaa kitako kwenye ngazi.

Blogu aliyoitaka ingeitwa Uma wa Plastiki, na yeye mwandishi angejiita Uma tu. Mume wangu Curt hakutaka hata kusikia. Curt ni fundi wa hita za nyumba, zile mashine za kupasha joto zinazokaa chumba cha chini. Kutwa nzima yuko chini ya nyumba za watu, na huko chini watu humwambia kila kitu: nani kaachwa, nani kaibiwa, binti wa nani kadanganywa na mtu wa kwenye mtandao akatoroka hadi mji wa Fargo. Akirudi nyumbani anatuletea hadithi zote hizo na masizi juu.

"Huko kwenye mtandao hujui nani ni nani," alisema usiku wa kwanza tulipolijadili.

"Wewe kwenye kazi yako unawajua wote?" nikamuuliza.

"Nawaona uso, Renae. Nikimwona mtu uso, najua."

"Yule aliyekupa hundi ya uongo hakuwa na uso?"

Akajikuna shingo. Lakini mimi pia sikuwa na amani moyoni. Kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya meno, na akina mama wakisubiri watoto wao hawazungumzi kingine ila mtandao. Niliogopa watu wawili: mtu mbaya wa mbali nisiyemjua, na akina mama wa karibu ninaowajua sana, ambao hotdishi zao ndizo zingeandikwa.

Tulibishana wiki mbili. Mwishowe tukakubali, kwa masharti. Tuliyaandika kwenye karatasi, tukaibandika kwenye friji. Hakuna jina la kweli. Hakuna picha yake. Hakuna jina la mji, shule wala kanisa. Hakuna kutaja mama wa mtu. Kompyuta inabaki chumba cha kulia chakula, na neno la siri tunalijua sisi. Kisha Curt akachukua kalamu nyekundu, akaongeza chini kwa herufi kubwa: JAMBO LA AJABU LIKITOKEA HATA MARA MOJA, BLOGU INAFUNGWA.

Britta aliusoma mstari ule mara mbili. "Hata kama si kosa langu?"

"Hata kama," akasema Curt.

Akatia sahihi. Nakiri kwamba mimi niliupenda sana mstari ule mwekundu. Nilipopita kuchukua maziwa niliutazama nikajisikia mama wa maana.

Blogu ikaanza. Wiki za mwanzo ilikuwa na wasomaji kumi na mmoja, sisi wawili tukiwemo. Kufikia Oktoba walikuwa mia tatu. Akafungua pia ukurasa kwenye mtandao mmoja wa kijamii, kwa jina lile lile la Uma, ili watu wamwandikie. Kliniki nilisikia wanawake wawili wakisomeana makala kuhusu kahawa ya wazee wa kanisa, iliyoelezwa kuwa "ya rangi ya chai na yenye ladha ya maji ya kuogea," na mmoja akafuta machozi kwa kicheko. Niliinama kwenye kompyuta yangu nikijifanya natafuta faili.

Lakini Curt hakutulia.

"Karatasi ya friji ni karatasi tu," aliniambia siku moja gereji. "Wakija na maneno matamu je? Tutajuaje kama ameelewa?"

"Tumuulize."

"Atasema ameelewa. Mimi nasema tumjaribu."

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikakubali. Sitamtupia Curt mzigo wote. Nilikubali kwa sababu na mimi nilitaka kujua.

Basi tukamzaa kijana wa kubuni. Tulimwita Kody, miaka kumi na mitano, wa mji wa Saint Paul. Curt alimfungulia akaunti kwenye kompyuta ndogo ya kazini kwake. Picha aliitoa kwenye katalogi ya hita za msimu huo: familia imekaa kwenye zulia, baba anacheka, mama anacheka, katikati mvulana wa nywele za dhahabu kashika kikombe cha chokoleti ya moto. Curt akawakata baba na mama, akabaki na mvulana.

Tulijifungia gereji kuandika ujumbe wa kwanza. Curt anaandika kwa kidole kimoja, kila herufi anaitafuta kama skrubu iliyodondoka.

"Soma," akasema.

Nikasoma: "Habari za jioni, Uma. Mimi ni Kody, kijana. Ninaona unapenda chakula. Mimi pia ninapenda chakula."

"Curt, nani anaandika 'mimi ni kijana'?"

"Sasa atajuaje?"

"Na hiyo 'habari za jioni'! Umekuwa mchungaji?"

Nikasahihisha. Niliweka nukta na mkato mahali pake, nikaongeza kwamba Kody anapenda muziki wa kisasa. Tukatuma.

Britta alijibu kesho yake: "Asante kwa kusoma." Basi. Kody akauliza anaishi wapi. "Duniani," akajibu Britta. Kody akauliza shule yake. Hapo hakujibu kabisa. Mimi na Curt tukapigana viganja pale gereji kama timu iliyofunga bao. Tungeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

"La mwisho," akasema Curt. "Tumbane kidogo."

Nilikuwa natafuta miwani yangu. Nilipoipata alikuwa ameshatuma: "Nadhani ninajua unapoishi. Ni karibu na kanisa lenye mnara mweupe."

"Curt! Hilo linatisha!"

"Minnesota nzima kuna kanisa gani lisilo na mnara mweupe? Ni mtego tu."

Baada ya saa moja tukaona Kody kafungiwa mlango. Britta alikuwa amemzuia asimwandikie tena. Curt alinishika kiuno tukacheza dansi kati ya gari na mashine ya kukatia nyasi. "Amefaulu! Binti yangu amefaulu!" Usiku huo alinunua aiskrimu ya ndoo. Britta akauliza tunasherehekea nini. "Jumatatu," akasema Curt.

Wiki hiyo Britta alibadilika. Aliulizia mlango wa nyuma kama umefungwa, akauliza tena, akauliza mara ya tatu. Aliomba nimfuate shuleni kwa gari, na shule ni mitaa minne kutoka kwetu. Lefse, zile chapati nyembamba za viazi alizokuwa akigombania na babake, ziliachwa kwenye sahani. Nikajiambia ni mtihani wa hesabu. Sijui nilikuwa nikitumia akili gani.

Jumamosi, tumetoka tu kula mchana, gari la sherifu likaingia uani. Alikuwa Verlyn Nygaard, naibu sherifu, aliyecheza hoki na Curt tangu wakiwa na meno ya utoto. Alivua viatu mlangoni, akapokea kahawa, akakaa. Mkononi alikuwa na faili.

Britta akashuka ngazi. Uso ulikuwa mweupe kama shuka.

"Mama, Baba, msikasirike," akasema. "Mimi ndiye niliyemfanya aje. Jana nilimwambia Bi. Lindahl."

Bi. Lindahl ndiye mshauri wa wanafunzi shuleni kwao. Kumbe alitupigia simu Ijumaa ile ile jioni, ikapokelewa na mashine ya ujumbe. Taa yake nyekundu ilikuwa ikiwaka pale ukutani tangu jana, na hakuna kati yetu aliyeigusa.

"Ulimwambia nini?" nikauliza.

"Kuna mtu ananiandikia. Anajifanya mvulana, lakini si mvulana, Mama. Anaandika kama mtu mzima. Anajua kanisa letu."

Verlyn akafungua faili, akatoa karatasi. Britta alikuwa amehifadhi kila ujumbe na kuuchapisha, pamoja na picha ya Kody, na tarehe juu. Verlyn akavaa miwani akasoma kwa sauti ya kazini: "'Ninaona unapenda chakula. Mimi pia ninapenda chakula.'"

Nilimkanyaga Curt mguu chini ya meza. Naye akanikanyaga. Kila mmoja wetu alikuwa anamwambia mwenzake: sema wewe. Curt aliitazama kahawa yake kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

"Kwa kawaida," Verlyn akaendelea, "kesi hizi huchukua muda. Lakini hii nina bahati. Huyu kijana namfahamu."

Britta akashika kiti. "Unamfahamu?"

"Yuko jikoni kwangu tangu mwezi wa tisa." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa katalogi ya hita. Juu yake kulikuwa na kadi ya kazi ya Curt, imebanwa kwa pini. Akaifungua taratibu, akaigeuza upande wetu, akaweka kidole juu ya mvulana mwenye kikombe. "Uliniletea mwenyewe, ulipokuja kuniuzia hita mpya. Curt bwana, nina swali moja tu. Wazazi wa huyu mtoto umewapeleka wapi?"

Curt akasukuma kikombe chake pembeni.

"Ni mimi," akasema Curt.

"Ni sisi," nikasema.

Verlyn alikuwa amejizuia kwa muda mrefu, na sasa alishindwa. Alicheka akigonga meza, kahawa ikamwagika. Curt naye akaanza kutabasamu, tabasamu la mtu aliyekamatwa na mkono kwenye chungu. Kisha tukamwona Britta.

Hakuwa anacheka.

"Kody ni Baba?" akauliza.

"Mimi nilisahihisha," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. "Nukta na mkato."

Alinitazama kama mgeni anayefanana tu na mama yake. Halafu akapanda ngazi. Hakuubamiza mlango; aliufunga polepole, na heri angeubamiza.

Verlyn akafuta miwani yake. Kicheko kilimwisha.

"Sikilizeni, nasema kama rafiki, si kama askari. Huyo mtoto amefanya kila kitu sawasawa. Hakusema anapoishi, alihifadhi ushahidi, akamzuia mtu, akaenda kwa mtu mzima. Ningependa nusu ya watu wazima wa wilaya hii wawe na akili hiyo. Ila tangu jana najiuliza kitu kimoja. Kwa nini huyo mtu mzima hakuwa nyinyi?"

Akavaa viatu, akaondoka. Tulibaki tumekaa. Halafu tukapanda juu wote wawili, Curt mbele, na mlangoni akanisukuma nitangulie.

Britta alikuwa amekaa kitandani, magoti kifuani.

"Kwa nini hukutuambia?" nikauliza.

"Nendeni mkasome friji."

Hatukuhitaji kwenda. Mstari mwekundu tuliujua kwa kichwa. Jambo la ajabu likitokea, blogu inafungwa, hata kama si kosa lake. Jambo lilitokea, na mtoto akapiga hesabu yake: nikiwaambia Mama na Baba, napoteza kitu ninachokipenda kuliko vyote. Akanyamaza. Ule niliouona ukuta wa kumlinda ulikuwa umemfungia nje, na sisi tuko ndani tunakula aiskrimu.

Curt anaweza kubishana na hita iliyozimika, lakini pale alijishusha taratibu. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la nguo.

"Nilidhani nakulinda," akasema hatimaye.

"Nililala na kiti nimekibana mlangoni siku nne, Baba."

Nikamwona Curt akikunja uso. Akamgeukia. "Nimekosa, Britta. Si kidogo. Nilitaka kujua kama mtu anaweza kukutisha, na aliyekutisha ni mimi."

"Na mimi nilimsaidia," nikasema. "Nisamehe, mwanangu."

Nje mtu alikuwa akikusanya majani, reki inakwaruza. Kisha Britta akasema, bado anaangalia magoti yake, "Na hakuna mvulana duniani anayeandika kwamba anapenda muziki wa kisasa."

"Hiyo ni ya mama yako!" Curt akaruka.

"Ndiyo, lakini 'mimi ni kijana' ilikuwa yake, Britta! Niliifuta!"

"Uliandika 'mimi ni kijana'?"

"Sasa ungejuaje?" akasema Curt, na hapo ndipo Britta alipocheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima, mpaka akatupiga kwa mto, mimi mara moja na babake mara tano.

Hakutusamehe siku ile ile. Siku tatu alituita Bwana na Bibi Kody, na tukaitika. Jumanne alitukalisha mezani na karatasi mpya. Safari hii kalamu ilikuwa kwake.

Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba lolote la ajabu likitokea atatuambia siku hiyo hiyo, na kwa sababu ya kutuambia blogu haitafungwa. La pili, sisi hatutamjia kwa jina lisilo letu. Curt alitaka tuendelee kujua neno la siri hadi afikishe miaka kumi na sita. Britta akasema hadi Krismasi. Walivutana kama watu wa mnada. Mwishowe neno la siri likatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa kwa gundi, ikawekwa kwenye droo ya vijiko. Tukiogopa jambo la kweli tunaweza kuifungua, lakini yeye lazima awepo. Mimi niliomba kitu kimoja: akipata ujumbe unaomtisha asiubebe peke yake hata usiku mmoja. Aliandika hilo bila kubisha, akapigia mstari.

Nilimpigia Bi. Lindahl kuomba radhi kwa kumsumbua. Kwa sauti yake nilijua anauma mdomo asicheke. Kisha akasema ana mkutano wa wazazi mwezi Novemba, habari za vijana na mitandao, na kwamba mtaalamu aliyemwalika kutoka mjini amekataa kuja kwa sababu ya barabara za theluji. Je, tungeweza kusema machache?

"Mimi?" akasema Curt. "Mbele ya watu?"

"Mbele ya nyuso zao," nikamwambia. "Si ndiyo unapenda?"

Kwanza tulimwomba Britta ruhusa. Alifikiri, akasema sawa, mradi blogu isitajwe jina.

Wazazi sitini walikuja. Curt alisimama na shati la kanisani, karatasi mkononi, akaiacha baada ya sentensi mbili akasimulia tu, jinsi anavyosimulia chini ya nyumba za watu. Alipofika kwa Verlyn na kidole chake, ukumbi ulilipuka. Alipofika kwenye kiti kilichobanwa mlangoni, mama mmoja mbele yangu akachukua mkono wa mumewe.

Mwishoni baba mmoja wa nyuma, Duane, mwenye mabinti watatu, akasimama. "Haya yote nimesikia, Curt. Lakini nikifika nyumbani wananisubiri na jibu. Niwaruhusu au nisiwaruhusu?"

Curt alijikuna shingo.

"Sijui, Duane. Wa kwangu aliweza, wako siwajui. Mwezi wa tisa nilikuwa na majibu yote, nikayaandika kwa kalamu nyekundu. Kitu kimoja ninachoweza kukuambia: usiwape sababu ya kukuficha. Akija kwako na habari mbaya, isiwe yeye ndiye anayelipa. Mengine mtayapanga mezani, mtabishana. Sisi bado tunabishana."

Duane akakaa, akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Tulirudi saa mbili usiku. Britta alikuwa chumba cha kulia chakula, anaandika, miguu kwenye kiti cha pili.

"Ilikuwaje?"

"Baba yako amepigiwa makofi," nikasema.

"Walicheka?"

"Walimcheka sana."

"Vizuri." Akaandika sentensi nyingine, akaisoma kimoyomoyo, akafuta nusu. "Jumamosi wazima moto wanapika chapati nene za asubuhi, huko kituoni kwao. Wanaanza saa moja. Nani ananipeleka?"

Curt alikuwa bado hajavua koti. "Mimi," akasema. "Lakini nikila, usiandike nimekula ngapi."

"Siwezi kuahidi," akasema Britta, akaendelea kuandika.